Udongo wa Kwa Mzee Luhaga

Mwenye nyumba wangu hapa Buzebazeba ameamua kuvunja sakafu ya chumba cha pili. Mafundi wamechimba mpaka udongo wa chini, wakaurundika ukumbini, na tangu hapo nyumba nzima inanuka udongo. Udongo ulioingizwa ndani hauna harufu ya shambani. Wa shambani una harufu ya mvua na majani. Huu wa ndani una harufu ya kitu kilichoondolewa mahali pake. Wapangaji wenzangu wanalalamikia vumbi. Mimi silalamiki, ila moyo unanienda mbio kila nikifungua mlango, na ilinichukua muda kujua sababu.

Nilikuwa darasa la tatu. Tuliishi nje kidogo ya Mwandiga, mahali ambapo nyumba zinaisha na mashamba yanaanza kupanda kilima. Tulikuwa mama, bibi mzaa baba, na mimi. Baba alikuwa Kibirizi, kando ya ziwa, akibeba magunia ya dagaa. Alilala huko huko, akija nyumbani siku za mbalamwezi tu, maana mwezi ukiwa mkubwa dagaa hawaifuati taa na wavuvi wanabaki nchi kavu. Kwa hiyo kwetu mwezi mkubwa ulikuwa na maana ya baba, na sabuni mpya, na maneno ya watu wazima yaliyokuwa yamesubiri.

Maneno yenyewe mwaka ule yalikuwa juu ya shamba. Mahindi yetu yaliota vizuri, yakafika magotini, yakasimama. Majani yakageuka rangi ya zambarau pembeni, kama midomo ya mtoto aliyekaa majini mpaka akaanza kutetemeka. Shamba la juu yetu, la Mzee Luhaga, lilikuwa na mahindi ya kumficha mtu. Mvua ilikuwa ile ile.

"Mama Leti, hili shamba linakula mbegu tu," baba alisema jioni moja, miguu ikiwa kwenye beseni la maji ya moto. "Njooni Kibirizi. Kazi ya kuanika ipo, hata mama ataiweza."

Mama yake, yaani bibi, alikuwa anachambua maharage. Hakuinua kichwa.

"Nipe msimu mmoja zaidi," mama alisema. "Bwana shamba anakuja kupima udongo. Anasema kila shamba lina ugonjwa wake na dawa yake. Akishanipa dawa na mahindi yasitoke, mimi mwenyewe nafunga vyombo."

"Msimu mmoja," baba akasema.

Bibi aliokota jiwe kwenye maharage akalitupa nje ya mlango. Kisha akatupa na harage zima, bila kuangalia. Nilidhani anaogopa kuhama. Nilikuwa nimekosea, au nilikuwa nimeona nusu tu.

Hapa lazima niseme jambo ambalo bibi aliniambia tukipalilia migomba nyuma ya nyumba. Nilikuwa nimemuuliza kwa nini ndizi zetu ni fupi na nono kuliko za wengine. Alisema migomba ile ilikuja naye. Alibeba machipukizi kichwani na baba yangu mgongoni, baba akiwa bado ananyonya, na mizizi aliifunga pamoja na udongo wake ili isife njiani.

"Ulitoka wapi, bibi?"

"Kule." Alielekeza kwa kidevu upande wa vilima, kaskazini. "Kulikuwa na vita. Lakini huko si kwa kusema shuleni. Umesikia?"

Nilisikia. Nilikuwa mtoto wa kusikia kuliko kusema. Walimu waliandika kwenye ripoti yangu kwamba niongeze sauti.

Na mwaka ule ule watu walikuwa wamepita mitaani kwetu wakiuliza nani ni raia na nani si raia. Fundi baiskeli wa njia panda, ambaye alizoea kututania tukitoka shule, aliulizwa babu yake amezikwa wapi. Alishindwa kuonyesha kaburi. Akapanda gari lao. Alirudi baada ya muda, na baiskeli aliendelea kutengeneza, ila utani ulikuwa umeisha. Watu walisema mambo yake yamenyooka. Mimi nilitazama uso wake tu, nikaona haujanyooka.

Mzee Luhaga hakuulizwa na mtu. Baba yake na babu yake wamelala kando ya njia, kwenye makaburi ya saruji yenye majina, na kila mpita njia anayaona.

Basi bwana shamba alikuja. Alikuwa kijana, amevaa kofia, na Kiswahili chake kilikuwa cha kutoka mbali. Alikuja na pikipiki, ndoo, na bomba la chuma lenye ncha na mpini wa kushikwa kwa mikono miwili. Mama alikuwa amefagia uwanja kama tunapokea wakwe. Bibi alikuwa amevaa kitenge chake cha kanisani.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mwanangu. Karibu."

"Nimekuja kuchota udongo kidogo. Hatuumizi kitu." Akamgeukia mama. "Watu wanapenda kukisia, mama. Wanatia mbolea waliyoona kwa jirani. Udongo hausemi uongo. Ukifika maabara unasema kila kitu."

Kila kitu. Nilikuwa nimesimama nyuma ya bibi, nimeshika pindo la kitenge chake, na nikahisi kitenge kimekaza.

Alitembea shambani kwa kupindapinda, kama mlevi, akididimiza bomba hapa, akididimiza pale, na kila likitoka alipangusa udongo kwenye ndoo. Alikwepa kichuguu na mahali tulipomwaga majivu. Alipokaribia migomba, bibi alimwita.

"Mwanangu, huko hatulimi. Huko ni takataka."

"Nachukua hapa ukingoni tu, bibi. Mahindi yanafika hadi hapa."

Akachukua. Kisha akamimina ndoo yote kwenye turubai, akachanganya kwa mikono, akaugawa udongo mafungu manne kama anagawa ugali, akatupa mawili, akachanganya yaliyobaki, akagawa tena, mpaka ukabaki wa kujaza mfuko mdogo. Nilimtazama kwa hofu. Niliona wazi kwamba hakuna namna tena ya kuutoa ule wa migombani. Ulikuwa umeshaingia kwenye wote.

Halafu akatoa simu, akaanza kuuliza.

"Shamba hili mmelima tangu lini?"

Mama alifungua mdomo, bibi akamtangulia. "Tangu zamani. Sisi ni wa hapa hapa."

"Kabla yenu alilima nani?"

"Babu wa mume wangu."

"Mlikuta msitu, au kulikuwa kumelimwa?"

"Kulikuwa na babu wa mume wangu," bibi alisema tena. Nyumbani alizoea kuchanganya lugha, na neno lake la kukubali lilikuwa "ego" kama wenzake wote wa kanisani. Siku ile alisema "ndiyo" kila mara, akitafuta kila neno kabla ya kulikanyaga.

Mama aligeuka akamtazama.

Leo najua kwamba yalikuwa maswali ya kilimo. Shamba lililolimwa muda mrefu huchoka tofauti na shamba jipya. Lakini jaribu kuyasikia kwa masikio ya mwanamke aliyeishi karibu umri wake wote akiyasubiri. Na kwa masikio ya mjukuu aliyekwisha kuambiwa kwamba huko si kwa kusema.

Bwana shamba aliacha mfuko mweupe wenye jina letu. Alisema udongo uanikwe ndani, kwenye kivuli, juu ya gazeti, kisha tuutie mfukoni, angepita kuchukua. Mama akautandaza chini ya dirisha. Ndipo harufu ile ilipoingia nyumbani. Nililala kando yake. Nilikuwa nawaza kwamba katika ule udongo mweusi kuna punje za kule, na mtambo wa maabara utazitenga kama bibi anavyotenga mawe na maharage, na gari litakuja.

Jumapili bibi alisema mguu unamuuma, hatakwenda kanisani. Akaniomba nibaki naye. Mama alipokwisha kupotea machoni, bibi aliinuka bila kuchechemea. Alichukua jembe dogo na karai.

"Leti, twende."

Tulipanda hadi shamba la Mzee Luhaga. Wenyewe walikuwa kanisani, nyimbo tulizisikia. Bibi alichimba mahali, akasogea, akachimba pengine, kwa kupindapinda vile vile alivyoona kwa bwana shamba. Alifanya kwa heshima. Kila shimo alilifukia na kulisawazisha kwa kiganja. Mimi nilishika karai, macho njiani.

"Bibi, tunaiba?"

"Udongo hauibiwi. Tunaazima." Alipumua. "Udongo wa Luhaga hauna swali. Ukiulizwa, baba yake yupo, babu yake yupo. Wacha useme kila kitu."

Sikushangaa. Ilikuwa kauli ya maana kuliko zote nilizosikia mwezi ule. Tulirudi tukaumwaga wetu nyuma ya nyumba, kwenye migomba, tukautandaza wa Luhaga juu ya gazeti lile lile, na bibi akanipa ndizi. Udongo wa Luhaga ulikuwa mwekundu.

Mama alirudi, akavua viatu, akainama dirishani. Akachukua kidogo akausugua kwa vidole.

"Mbona umekuwa mwekundu?"

"Ukikauka ndivyo ulivyo," bibi alisema kutoka jikoni.

Mama aliusugua tena. Nilihesabu moyoni kama ninavyohesabu radi ikishamulika. "Kumbe," akasema, akapangusa mikono.

Majibu yalichukua muda kurudi. Nilipungua mpaka mama akaninywesha dawa ya minyoo. Kila gari lililopunguza mwendo barabarani nilijua linatafuta nyumba yetu. Lilipopita, nilijua litarudi.

Siku ya majibu tuliitwa kwenye darasa la shule. Watu wazima walijibana kwenye madawati yetu, magoti nje. Mimi nilisimama ukutani karibu na bibi. Bwana shamba alieleza kwanza juu ya uchachu. Alisema kuna udongo uliochacha, huo hata ukiupa mbolea nzuri mmea hauwezi kula, ni kama kumwekea mgonjwa chakula ambacho hawezi kumeza. Huo unahitaji chokaa kwanza. Mbolea baadaye.

Akaanza kusoma shamba moja moja. La Mzee Luhaga: halina uchachu, chokaa ya nini, atie mbolea ya kupandia na baadaye ya kukuzia. Kisha la mama. Akasoma, akasita, akarudi kwenye la Luhaga.

"Haya mawili ni mapacha," akasema. "Chokaa haihitajiki hapa pia, mama Leti. Udongo wako ni mzuri."

Sikusikia neno "kule". Sikusikia jina la nchi. Nilipumua kwa mara ya kwanza tangu msimu uanze, nikamtazama bibi, naye alikuwa amefumba macho.

Ndipo Mama Zebedayo, jirani yetu wa upande wa barabara, akasema, "Basi mama Leti, udongo umeshapimwa. Bado kupimwa mkono wa mpandaji."

Watu walicheka. Si kicheko kibaya sana, ni cha darasani.

"Mwacheni," Mzee Luhaga alisema. "Ni mbegu tu hiyo. Mama Leti, msimu ujao uje uchukue mbegu kwangu."

"Hata ya msimu huu nilichukua kwako, mzee," mama alisema.

Mama alikuwa anatazama viganja vyake kwenye dawati, amevifungua, kama mtu aliyeambiwa kuna maandishi.

Nyumbani mama alikaa kwenye kigoda bila kuvua kitambaa cha kichwani. "Nilidhani ni shamba," akamwambia bibi. "Kumbe ni mimi. Baba Leti aliona mapema, hakutaka kunisema. Kesho nakwenda Kibirizi nikatafute chumba."

"Ungoje msimu," bibi alisema.

"Ningoje nini, mama? Ugonjwa haupo. Nitatibu nini?"

Usiku ule sikulala. Niliona njia mbili, na zote zilikuwa zinatupeleka nje ya nyumba. Nikisema, watamchukua bibi. Nisiposema, tutakwenda Kibirizi sote, na bibi ataacha shamba alilolifanyia yote yale ili asiondolewe. Sikuwa na mtu wa kumuuliza. Mtu pekee niliyezoea kumuuliza alikuwa amelala kando yangu, macho wazi.

Asubuhi mama aliondoka. Jua lilikuwa limepanda tuliposikia pikipiki. Haikupita. Ilizima uwanjani.

"Hodi."

Alikuwa bwana shamba, peke yake. Alivua kofia. "Shikamoo, bibi. Samahani, nimelala na hili jambo. Mama Leti yupo?"

"Amekwenda kwa mumewe."

"Naweza kuona mahindi yenu kidogo?"

Tukaenda naye. Alichuchumaa, akageuza jani la zambarau, akang'oa mhindi mmoja akatazama mizizi. Ilikuwa mifupi, minene, kama vidole vilivyoungua. Akatikisa kichwa. "Bibi, huu mhindi na yale majibu hawajuani."

Bibi alikuwa amesimama na fimbo yake ya kufukuzia kuku. Angeweza kunyamaza. Kijana alikuwa ameshainuka, anapangusa magoti, anatafuta ufunguo mfukoni.

"Mwanangu," bibi akasema. "Ule mtambo wenu. Unaonyesha mtu ametoka wapi?"

"Mtu gani?"

"Mwenye shamba."

Alimtazama bila kuelewa. "Hapana, bibi. Unaonyesha udongo una nini na umepungukiwa nini. Mwenyewe haumjui."

"Hata kama udongo mwingine ulikuja na mtu? Kwenye mizizi ya mgomba?"

"Hata hivyo." Alianza kutabasamu, kisha akaacha. Nadhani aliona uso wa bibi. "Kwa nini, bibi?"

Bibi alitazama juu ya kilima, kwa Luhaga. "Ule tuliokupa si wa hapa," akasema. "Ni wa yule mzee. Mama Leti hajui. Mimi ndiye."

Nilisubiri kijana akasirike. Aliurudisha ufunguo mfukoni. Upepo ulipita kwenye mahindi mafupi na hayakutoa sauti yoyote.

"Sasa mama Leti anataka kuhama," bibi akaongeza. "Anasema mkono wake ni mbaya. Mkono wake si mbaya."

"Hapana," akasema bwana shamba. "Si mbaya."

Alikwenda kwenye pikipiki akafungua bomba lake. Safari hii bibi alimfuata. Hakumkataza ukingo wa migomba. Mimi nilibeba ndoo. Alichanganya, akagawa, akatupa, akagawa, na alipofunga mfuko aliuweka kwenye begi lake mwenyewe. Nilimwona akificha tabasamu, na bibi alimwona pia.

"Utamwambia Luhaga?"

"Nimwambie nini? Kwamba shamba lake limepimwa mara mbili?" Akatoa simu. "Ila maswali inabidi turudie, bibi. Yale ya mwanzo siyaamini tena."

Bibi aliishika fimbo kwa mikono yote miwili.

"Shamba hili mmelima tangu lini?"

Niliwaza fundi baiskeli. Niliwaza kukimbia kwenda barabarani, lakini mama alikuwa mbali.

"Tangu baba wa huyu akiwa mgongoni kwangu," bibi alisema. "Nilitoka ng'ambo ya vile vilima. Burundi. Hapa palikuwa na majani marefu, hakuna aliyelima. Nilipewa na baba yake Luhaga, nikafyeka mwenyewe. Mume wangu hakufika."

Sikuwahi kusikia neno hilo likitoka kinywani mwake. Nilimtazama kijana. Kidole gumba chake kilitembea juu ya simu, kikasimama, kikarudi kufuta herufi, kikaendelea. Kuku walikuwa wanaparua karibu na miguu yake.

"Majani marefu," alijisemea taratibu huku akiandika. Kisha akainua kichwa. "Samadi huwa mnaweka?"

Bibi alikuwa bado anamtazama kidole.

"Bibi? Samadi."

"Tunaweka," nikasema mimi. "Ya mbuzi."